Petro Alitaka Kupiga Hema

Mahubiri ya ibada ya pili. Somo: Luka 9:28–42

Ketini, wapendwa. Leo sitapiga kelele, kwa sababu neno hili limenipiga mimi kabla halijafika kwenu. Fungua nami Luka sura ya tisa. Kama unasomea kwenye simu, fungua hapo hapo, lakini usipitie WhatsApp njiani.

Hadithi yenyewe tunaijua tangu shule ya Jumapili. Yesu anawachukua Petro, Yohana na Yakobo, wanapanda mlimani kuomba. Akiwa katika maombi uso wake unabadilika, mavazi yake yanang'aa, na Musa na Eliya wanatokea wakizungumza naye. Petro na wenzake walikuwa wamezidiwa na usingizi. Wanazinduka, wanaona utukufu, na jambo la kwanza linalomtoka Petro mdomoni ni ujenzi. Anataka kusimamisha vibanda vitatu, kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya. Na Luka, mtu wa kuandika kwa uangalifu, anaongeza pale pembeni kwamba Petro wa watu hakuelewa hata yeye mwenyewe anasema nini.

Kwa miaka mingi nimesimama hapa nikimcheka Petro. Mwaka huu nimeacha kumcheka.

Mnajua mwezi wa Julai mlinikosa kwa wiki tatu. Nilikwenda Marekani, jimbo la Colorado, kumtembelea mdogo wangu anayeishi Denver. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka 14. Nilikwenda na kijana wangu wa miaka 12, mnamjua, yule anayepiga ngoma kwenye ibada ya vijana. Nimemwomba ruhusa kabla ya kusimulia haya. Alikubali kwa sharti moja, ambalo siwezi kuwaambia, maana nikiwaambia nitakuwa nimelivunja.

Kule Julai ni majira ya joto. Shule zimefungwa, jua halizami mpaka saa mbili na nusu usiku, na Denver yenyewe inachoma kama sufuria kavu. Basi watu hukimbilia milimani. Wanaacha nyumba nzuri yenye vitanda, wanabeba mahema, wanaenda kulala chini, na mahali hapo pa kulala chini wanalipia! Nilipompigia mama yangu simu nikamwambia mdogo wangu ametoa pesa ili tulale kwenye udongo, alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama amefutwa kazi.

Wakenya wa pale wana ushirika wao mdogo, na kila kiangazi familia kadhaa hupiga kambi wikendi moja kando ya bwawa huko juu. Mwaka huu waliposikia mchungaji anakuja wakanipa ibada ya Jumapili asubuhi, niihubiri pale pale ufuoni. Shikeni hilo. Nitalirudia.

Niwaeleze mahali penyewe, maana pana mambo. Ukitoka Denver unaelekea magharibi kwa barabara kuu, unapanda, unapanda, masikio yanaziba, mpaka unaingia kwenye handaki liitwalo Eisenhower, limetobolewa ndani ya mlima kwenye kimo cha mita 3,400. Sisi wa Mombasa hata daraja la Nyali tunaliona ni mlima. Ukitokea upande wa pili barabara inateremka, na hapo chini linafunguka ziwa la rangi ya samawati, limezungukwa na misonobari, na juu yake vilele ambavyo hata Julai bado vina mabaka ya theluji. Linaitwa Dillon. Maji yake yako karibu mita 2,750 juu ya usawa wa bahari. Na si ziwa la Mungu kuliweka pale tangu uumbaji. Mito miwili na kijito vilikuwa vikikutana bondeni, na idara ya maji ya Denver ikajenga ukuta mkubwa wa udongo, ukakamilika mwaka 1963, bonde likajaa.

Chini ya maji yale palikuwa na mji. Dillon ya zamani ilikuwa pale pale mito inapokutana. Wenye nyumba waliambiwa waondoke. Nyumba nyingine zilibebwa nzima nzima zikahamishwa, na hata makaburi yalifukuliwa, wafu wakazikwa upya mahali pengine. Dillon ya leo imejengwa juu zaidi, inatazama maji yaliyoifunika ile ya kwanza. Nilikaa juu ya jiwe Ijumaa jioni nikiyatazama yale maji, yametulia kabisa, mashua za tanga zinarudi, na nikamfikiria mtu aliyewahi kufungua dirisha lake pale chini asubuhi. Mji mkubwa ukitaka kunywa, kuna mtu mahali fulani anafunga mizigo. Sisemi ni vibaya kujenga bwawa. Nasema tu kwamba glasi ya maji ina watu nyuma yake.

Na maji yale hayakai pale kwa ajili ya wapiga kambi. Kwa asili mto ule huelekea magharibi, upande wa Bahari ya Pasifiki. Lakini wametoboa handaki jingine la maji chini ya milima, linaitwa Roberts, urefu wake kama kilomita 37, ili maji yageuke yaende mashariki kwenye mabomba ya Denver. Wewe umelala kwenye hema lako unasikia kimya, kumbe chini yako maji yanaondoka kwenda kwa watu ambao hawajawahi kuliona ziwa. Nikakumbuka kwetu. Mvua inanyesha kwenye vilima vya Chyulu, inapenya kwenye miamba ya volkeno, inatokea Mzima kule Tsavo, halafu inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa. Siku inapofika, maana mnajua mambo ya mifereji yetu. Wenye mikokoteni ya mitungi hawajawahi kukosa kazi mtaani kwangu.

Pale ufuoni kuna bango linalokataza kuogelea. Kijana wangu, mtoto wa pwani, aliona hiyo ni dhuluma. Maji yote haya, Baba, na watu hawaingii? Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, akamwambia hayo ni maji ya kunywa ya mji, na tena ni theluji iliyoyeyuka juzi juzi, atumbukize kidole kwanza. Akatumbukiza. Hakuuliza tena.

Mambo ya kambi yanataka nidhamu kuliko nilivyodhani. Chakula hakilali kwenye hema, hata peremende, hata dawa ya meno, kwa sababu kuna dubu na pua zao ni kali. Kila kitu kinafungiwa. Moto wa kuni ulikuwa umepigwa marufuku wiki ile kwa sababu msitu umekauka. Hawafanyi mchezo na hilo: Juni 2018 moto ulizuka karibu na hapo, juu ya mji wa Silverthorne, na watu wa nyumba zaidi ya 1,000 wakaambiwa watoke. Mchana unatembea na shati, saa nane radi inapiga na mvua inamwagika, usiku baridi inashuka karibu na kuganda. Nililala na soksi mbili, koti, na lesso ya mke wangu nimejifunga kichwani. Mtumishi wa Mungu.

Jumamosi tukapika maharagwe. Wapendwa, yale maharagwe! Tuliyaweka kwenye jiko la gesi asubuhi, yakatokota mpaka mchana, bado yanagonga meno kama kokoto. Mdogo wangu akacheka, akanieleza kwamba huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91, si 100. Unaona mapovu, unaona mvuke, kelele zote zipo, lakini ule moto wenyewe haujafika. Nikatoa daftari langu la mahubiri mbio mbio nikaandika: KUCHEMKA BILA KUIVA. Nikapiga mstari chini. Nikasema moyoni, hii Mombasa watairukia.

Na wakati naandika, mwanangu alikuwa ameketi nyuma yangu kwenye kiti cha kukunja, anakohoa.

Hebu niwahesabie siku. Tulitua Denver Jumatano usiku. Ijumaa mchana tulikuwa bwawani. Jumapili iliyotangulia alikuwa anapiga ngoma hapa, mahali ambapo ukichimba futi chache unakuta chumvi. Kutoka usawa wa bahari mpaka mita 2,750, na katikati siku moja na nusu tu. Katika kimo kile kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa zaidi ya robo. Jumamosi asubuhi kichwa kilimuuma. Mchana alikataa chapati. Mzazi yeyote wa hapa ajue, mtoto wa miaka 12 akikataa chapati, kuna jambo. Jioni kikohozi kikaanza, na akawa anahema hata akiwa amekaa tu.

Shemeji yangu ni muuguzi kule Denver. Wakati wa chakula cha jioni alikuja taratibu akaniambia, "Mchungaji, huyu mtoto simpendi anavyopumua." Nikamwambia ni uchovu wa safari na baridi. Tukamwekea mikono. Familia zote zilisimama mduara, tukaomba kwa nguvu, tukakemea, mahema yakatetemeka. Mtoto akajilaza akatulia. Tukamshukuru Mungu, nami nikaenda kupitia mahubiri yangu kwa tochi.

Saa nne usiku kikohozi kilibadilika, kikawa na majimaji ndani. Alikuwa ameketi wima, hawezi kulala chali. Shemeji akaja na taa, akammulika midomo, halafu akanigeukia. Hakuniita Mchungaji tena. Akasema, "Shemeji, tushuke. Tushuke sasa."

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hii ndiyo sehemu ambayo singependa kuisema. Nilimjibu, "Tumeshaomba. Tungoje asubuhi." Kwa sauti ilikuwa imani. Lakini mimi ninajua kilichokuwa chini ya ile sauti. Asubuhi kulikuwa na ibada. Watu wengine walikuwa wameendesha gari saa nyingi waje kumsikia mchungaji kutoka nyumbani. Na nilikuwa nimeomba mbele yao wote, nikatangaza mtoto amepona. Nikiondoka usiku na mgonjwa yule yule, itakuwaje? Nilikuwa nalinda mahubiri. Nilikuwa nalinda jina langu. Nikamtumia Mungu kama pazia, na nyuma ya pazia alikuwa mtoto anayetafuta pumzi.

Simu ikalia. Saa tano usiku kule ni saa mbili asubuhi hapa, na mke wangu alikuwa anajiandaa kuja kanisani. Alitaka kutusalimia tu. Akakisikia kile kikohozi nyuma yangu. Akasema mpe simu. Kijana akajaribu kusema, "Mama, niko sawa," na hakuweza kufika kwenye "sawa" bila kuvuta pumzi katikati.

Mke wangu huniita Mchungaji mbele ya watu na Baba watoto tukiwa nyumbani. Usiku ule aliniita jina langu. Akasema, "Mbebe. Sitaki maelezo. Mbebe."

Nikambeba. Miguu yake inaninginia mpaka magotini mwangu, mtoto mrefu tayari, na nikahisi kifua chake kinachemka kama ile sufuria ya maharagwe. Mdogo wangu akaendesha, shemeji akakaa nyuma naye. Hospitali iko Frisco, upande wa pili wa maji, hata dakika kumi na tano hazikuisha. Dakika kumi na tano! Zilikuwepo tangu saa kumi na mbili jioni.

Walimbana kidole na kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni. Kilisoma 71. Shemeji alishusha macho. Wakamvisha barakoa ya oksijeni, na daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniuliza tumefika lini na tumetoka kimo gani. Nikamwambia sifuri. Tunatoka sifuri, tunatoka kisiwani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi. Akaeleza kwamba mapafu yalikuwa yanaanza kujaa maji, kwamba humpata mtu anayepanda haraka, zaidi ukivuka mita 2,500, na mara nyingi huja usiku wa pili. Humpata hata mtu mwenye nguvu, hata mtoto, na mwenye kuugua husema ni uchovu tu. Tiba yake ni oksijeni na kushuka. Akaniuliza, bila ukali, kwa nini tulikaa.

Nimehubiri miaka 19. Sikuwa na jibu.

Baada ya saa moja hivi ile namba ilianza kupanda, midomo ikarudi rangi yake. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, na kwa kuwa usingizi haukuja nikafungua yale mahubiri ya asubuhi. Mnajua nilikuwa nimeandaa nini? Hii hii Luka tisa. Kichwa: KAA MLIMANI. Nilitaka kuwaambia Wakenya wa ughaibuni kwamba wametoka kwenye joto la mji, wamefika mahali pa utukufu, wasikubali kuondoka. Mahubiri yalikuwa matamu, nawaambia. Na nilikuwa nimeyakatia mstari wa 36.

Nikasogeza kidole nione mstari wa 37 unasema nini. Ni kesho yake, wameshuka mlimani. Na pale chini, kabla hata hawajapangusa vumbi, mwanamume anapaza sauti kutoka katikati ya umati, anamsihi Yesu amtazame mwanawe, mtoto wa pekee, anayeshikwa na kutupwa chini na kutoka povu. Amewaomba wanafunzi, wameshindwa.

Nilikuwa nimeandaa mahubiri juu ya sura hii na nikamwacha mtoto mgonjwa nje ya mahubiri.

Sasa rudini kwenye Biblia zenu, twende polepole. Mstari wa 31. Musa na Eliya walikuwa wanazungumza na Yesu kuhusu nini? Kuhusu kuondoka kwake, jambo atakalolitimiza Yerusalemu. Msalaba! Yaani kule kule juu, katikati ya ule mng'ao, mazungumzo yalikuwa ya kushuka. Petro alilala sehemu hiyo. Akaamka akakuta mwanga, mwanga akauona, mazungumzo yakampita. Ndiyo maana anataka kujenga. Mtu aliyeona utukufu akakosa kusikia unazungumzia nini, atataka kuuwekea ukuta na paa.

Wataalamu hubishana ni mlima gani. Wengi husema Tabori, ambao si mrefu. Wengine husema Hermoni, kwa kuwa muda mfupi kabla ya hapo Mathayo anawaweka upande wa Kaisaria Filipi, chini yake kabisa. Kama ni Hermoni, kilele chake kina mita zipatazo 2,800, karibu sawa na pale tulipopiga hema. Sijengi fundisho juu ya hilo. Lilinigusa tu, usiku ule.

Na tazameni, wingu likaja, sauti ikatoka, na agizo lililotoka ni la kumsikiliza Mwana. Aliyesikilizwa alifanya nini? Alishuka. Akafika kwa yule mtoto, akamponya, na mstari wa 42 unasema akamrudisha kwa baba yake. Ninapenda sana hapo. Anamshika, anamponya, anamkabidhi.

Sasa ndugu yangu, usiende nyumbani ukasema mchungaji ameacha kuamini uponyaji. Ninaamini. Nimeona kwa macho yangu katika jengo hili mambo ambayo siwezi kuyaeleza kwa njia nyingine. Nitakuwekea mikono leo ukitaka, na nitaomba mpaka sauti ikauke. Yule mtoto alipona, na nasema mkono wa Mungu ulimponya, kupitia mwanamke mwenye taa, kupitia simu ya mama yake, kupitia mtungi wa oksijeni. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni nikiuzuia ule mkono, kwa jina la imani.

Na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu haya si ya Colorado peke yake.

Mwaka jana mama mmoja wa kanisa hili alisimama hapa mbele baada ya kesha, akashuhudia kwamba ameombewa na amezitupa dawa zake za presha. Mnakumbuka. Tulipiga makofi. Kinanda kikaingia, tukacheza. Mimi nilikuwa nimeketi pale kwenye kiti changu na moyoni nilijua kwamba hakuna aliyempima. Nilijua. Lakini ibada ilikuwa moto, watu walikuwa wamejaa mpaka nje, na nikaogopa kuipoza. Nikapiga makofi na ninyi. Mwezi wa Machi alipata kiharusi.

Yuko hai, Bwana asifiwe. Mkono wa kulia bado mzito, na maneno yanarudi moja moja. Juma lililopita nilikwenda kwake Kisauni, nikaketi kwenye mkeka, nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, nikashindwa. Yeye akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akasema neno moja ambalo binti yake ilibidi anirudilie. Alisema, "Pima." Basi. Ametoa ruhusa niwaambie, na akasema nisitaje jina, lakini mnaomjua, mtembeleeni, na mkienda mpeleke unga na mafuta, msipeleke unabii.

Nimemwomba msamaha mke wangu. Nimemwomba msamaha shemeji, kwa simu, akasema alikuwa ameshasamehe tangu pale kwenye gari, ila angependa siku nyingine nisikilize mara ya kwanza. Leo nawaomba ninyi. Mara ngapi nimewaambia mkae mlimani? Ungoje, uzidi kufunga, usimwambie mtu, usiende hospitali bado, usimshtaki huyo mume anayekupiga bado, muujiza uko njiani? Kuna mama hapa aliambiwa angoje, na angeshuka siku ile ile angekuwa na meno yake yote. Nasema polepole ili anayehusika asikie bila kuonyeshwa na mtu: ukitoka hapa leo na unaogopa kurudi nyumbani, ongea na wamama wa huduma ya familia kabla hujapanda matatu. Hutaulizwa kama umeomba vya kutosha.

Nilisema nitawarudishia habari za ile ibada ya ufuoni. Ilifanyika. Mimi sikuwepo. Waliimba, watoto wakasoma Zaburi, mzee mmoja fundi wa magari akatoa ushuhuda wa dakika tano, wakala yale maharagwe, ambayo naambiwa yaliiva Jumapili saa sita. Kisha wakakunja hema letu, wakalikunja vibaya, halikuingia kwenye mfuko wake, wakalileta Denver limefungwa kwa kamba.

Sisi tulishuka Jumapili alasiri. Na kuna jambo moja juu ya ile njia. Ili ushuke Denver kutoka bwawani, lazima kwanza upande, urudi kwenye lile handaki la mita 3,400, ndipo uanze kuteremka. Daktari aliturudisha na chupa ya oksijeni kwa sababu hiyo. Shemeji alikaa nyuma ameishika, kijana ameegemea bega lake, barakoa usoni, na mimi mbele nikihesabu kilomita. Kupanda dakika chache zile kulikuwa kurefu kuliko safari yote ya ndege. Tulipotoka upande wa pili na barabara ikaanza kushuka, akaivuta barakoa pembeni akauliza kama kuna chapati zimebaki.

Sasa, matangazo mawili yanayotokana na hili, kisha tuombe.

Kambi ya vijana ya Desemba bado ipo, Limuru. Kule si juu kama Dillon, lakini ni juu kwa mtoto wa Mombasa, na baridi ipo. Fomu ni mpya. Mzazi, kama mtoto ana pumu, ana selimundu, anatumia dawa yoyote, andika. Usiandike "Mungu anatosha" kwenye nafasi ya dawa, kama mwaka jana. Kutakuwa na muuguzi mmoja na gari moja ambalo halitafanya kazi nyingine usiku wala mchana, na neno la muuguzi litakuwa juu ya neno langu.

Na Jumapili ijayo, baada ya ibada ya kwanza na ya pili, wauguzi wetu watano watakuwa na meza pale chini ya mwembe, kupima presha na sukari, bila malipo. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Njoo na kadi yako ya kliniki, na kama ulitupa dawa, njoo tu.

Simameni, tuombe.